Shimo Lililonyamaza

Theta, Jumamosi alasiri

Nyambura, maitu,

Umeenda Thika na mama yako kununua viatu vya kazini, vile vyenye chuma mbele, na mimi nimebaki na ng'ombe na kalamu. Sijaandika barua ndefu tangu siku nilipokuwa namwandikia mama yako kabla hatujaoana, na zile ziliisha vizuri, kwa hiyo nimepata moyo. Kesho asubuhi unapanda treni hadi Voi, na kutoka hapo gari la kampuni litakupeleka kwenye mgodi wa chuma huko Taita, usioujua, kwa watu usiowajua, ukaandike ripoti itakayosomwa na watu ambao hawajawahi kufika huko. Tayari nimeona mambo matatu ya kutilia shaka na bado sijafika aya ya pili.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutokopesha watu mshahara, mama yako amezimaliza. Mimi sina ushauri wa aina hiyo. Nina habari za kioo.

Nasema kile kipande ulichobandika ukutani sebuleni, juu ya ufa, Jumapili ile tulipotoka kanisani. Ulikoroga saruji kidogo kwenye kifuniko cha mkebe wa rangi, ukakishikiza upande huu wa ufa na upande ule, ukafuta mikono kwa gazeti langu kabla sijalisoma, ukaniambia, "Baba, huu ufa ukisonga hata kidogo, kioo kinapasuka. Kikipasuka uniambie. Na sikudanganyi, kikipasuka mimi siendi Taita. Nabaki hapa tumalizane na hii kwari ya kokoto." Mama yako aliacha kumenya viazi. Mimi nilicheka, lakini nilijua hubahatishi, kwa maana jina ulilobeba ni la mama yangu, ndiyo maana nakuita maitu, mama, na yeye pia alikuwa na tabia ya kusema jambo mara moja tu.

Kuhusu hali ya kioo, nitafika. Niache nianzie mbali kama kawaida yangu.

Unanitania kwamba mimi hushuku hata chai niliyojipikia. Jana umenitania tena, kwamba uzee umenifanya mtu wa dini, kwa sababu nimehamisha kalenda ya kanisa kutoka jikoni hadi sebuleni. Tania tu. Barua yako ya kazi ilipofika niliitoa nje juani nikaangalia kama muhuri umepigwa kwa mkono au umechapwa. Halafu, na hili hulijui, nilipiga simu kwenye hiyo kampuni nikajifanya muuza nyasi za ng'ombe. Msichana wa mapokezi akaniuliza, "Mzee, mgodi unataka nyasi za nini?" Nikamwambia nilitaka tu kujua kama wapo. Akasema wapo. Hapo shaka moja ikapungua. Nikaona nisikate simu bure, nikamwuliza idara yao ya mazingira ina watu wangapi. Akasema ina mtu mmoja. Nikamwuliza ni nani, nizungumze naye. Akasema bado hajafika, anakuja wiki ijayo.

Huyo ni wewe, maitu.

Kampuni nzima, yenye lile bwawa la tope la mabaki ya mgodi ulilonionyesha picha yake kwenye simu, imetafuta msichana aliyetoka chuo juzi aandike peke yake jinsi wanavyotumia maji, jinsi wanavyolizuia hilo tope, na jinsi wanavyoishi na majirani. Kwa nini? Labda ni kwa sababu unaijua kazi. Alama zako nimeziona na nimezionyesha watu hadi mama yako akaniambia nikome. Lakini labda pia ni kwa sababu jina jipya chini ya ukurasa halina mkubwa wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Sijui ni lipi. Chukua yote mawili uende nayo.

Watu hudhani nilizaliwa hivi. Hapana, nilifundishwa na baruti. Wewe umenijua zaidi nikiwa mtu wa ng'ombe, sikio la kushoto limeshakwisha, lakini nilikuwa mlipuaji katika machimbo haya ya kokoto tunayopakana nayo. Kazi ilikuwa hivi. Mashine inachoronga mashimo kwenye mwamba, mnapakia baruti, king'ora kinalia, mnawasha, mnakwenda kujificha. Hapo ndipo kazi yenyewe ya mlipuaji inapoanza, nayo ni kuhesabu. Ukipakia mashimo kumi, lazima usikie milio kumi. Ukisikia tisa, hakuna mtu anaingia. Lile moja lililonyamaza ndilo lenye baruti iliyo hai, na linamngoja mtu wa kwanza mwenye haraka.

Rafiki yangu Njuguna alikuwa na haraka. Siku hiyo sote tulisikia mlio mmoja umepungua. Njuguna akasema, "Ah, hiyo imelia pamoja na ingine. Zimelia mbili mara moja, wewe. Twende tumalize, si unaona mvua inakuja?" Yalikuwa maelezo mazuri. Hutokea kweli, mbili kulia pamoja. Na mvua ilikuwa inakuja kweli, na mimi nilitaka sana kwenda nyumbani, na hilo la kutaka sana ndilo lililoniogopesha. Nikabaki. Yeye akaingia. Alitoka na jicho moja, tukasema Mungu ni mwema, kwa sababu tulikuwa tumeshatafuta shuka la kumfunika.

Tangu siku hiyo, mtu akinipa maelezo yanayoniwezesha kurudi nyumbani mapema, namwuliza mara mbili.

Ndiyo maana niliacha kukamua siku uliyokuja zizini ukaanza kunieleza hivi viwango vyenu vipya vya kuandika ripoti za migodi. Ulidhani nimechoka kusikiliza. Ulisema, "Zamani Baba walikuwa wanajumlisha tu migodi yote pamoja, unapata number moja safi. Siku hizi kila mgodi unajisemea. Na kama kuna kitu umeacha, unaandika umeacha, na unasema ni kwa nini." Nikakuuliza, hata kama hukupima? Ukasema, hata kama hukupima, unasema hukupima. Ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yakamwagika, na wewe ukadhani nimenyamaza kwa sababu ya maziwa. Nilikuwa namfikiria Mutiso.

Kioo chako si cha kwanza kubandikwa katika boma hili. Ulikuwa mdogo. Unaikumbuka nyumba ya mawe ya shosho yako, mama yangu, hapo palipo na migomba sasa, lakini Mutiso huenda humkumbuki. Alikuwa kijana wa kampuni ya machimbo, wa mambo ya mazingira, na alikuja kwa miguu, jambo lililotushangaza, maana watu wa kampuni tulizoea kuwaona kupitia kioo cha gari kilichofungwa. Begani alikuwa na mkoba wa vipande vya kioo alivyokatiwa na fundi wa madirisha Thika. Akazunguka nyumba zote zinazopakana na machimbo, akaomba ruhusa mlangoni, akabandika kipande kwenye kila ufa, na kando yake akaandika namba kwa rangi nyekundu. Alisema atarudi kila mwezi kuona ni vipi vimepasuka, na atakayoyaona yataingia kwenye ripoti, kwa sababu waliowakopesha hao wenye kampuni walikuwa wameanza kudai ripoti za namna hiyo. Mama yangu alimpa uji. Alikipenda kile kioo, akakiita dirisha la panya, akawa anawaonyesha wageni.

Sisi wengine tulichoona ni rangi nyekundu. Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Barabara kuu ilipopanuliwa, nyumba ikipigwa alama nyekundu leo, baada ya muda tingatinga linafika. Hakuna mtu wa Ruiru wala Theta anayeona rangi nyekundu kwenye ukuta wake akafikiria sayansi.

Halafu akaja Kamande. Kamande alikuwa nyapara wetu pale machimboni, mtu mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kunitembelea hata nilipougua. Siku hiyo alinitembelea. Alikataa kukaa, akaegemea lango.

"Gitau, hizo number umeona?"

"Nimeona."

"Na umekaa tu hivyo? Atiriri, sikiliza, nyumba ikiandikwa iko na crack, wanasema si salama mtu kuishi. Ikishaandikwa, nani atanunua ploti hapa Theta? Utauzia nani? Si ni wao? Na kwa bei ya viazi."

"Nani amekuambia?"

"Wewe ni mtu mzima. Unataka kuambiwa na nani?"

Yalinishika hapo hapo. Hapa kwetu, ukitaka mtu akusikilize usimwambie habari za mapafu yake, mwambie habari za ploti yake. Ile sehemu ya chini nilikuwa nimeshaipima na kuweka vigingi, nikitegemea niiuze mkifika sekondari. Nilimfikiria yule kijana na mkoba wake na adabu yake, na kadiri nilivyomfikiria ndivyo adabu yake ilivyozidi kunitisha. Ni nani anayetumwa na kampuni akapiga hodi? Nikazungumza na majirani, na kila mmoja nikamkuta ameshasikia. Sikujiuliza wamesikia kutoka kwa nani. Tukakubaliana kila mtu aondoe chake.

Nilitoa changu kwa patasi, nikaenda kutoa cha mama. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe.

"Unatoa dirisha la panya kwa nini?"

"Ni mtego, maitu. Wanataka shamba."

"Yule kijana alikunywa uji wangu akamaliza. Mtu wa kukunyang'anya shamba humaliza uji?"

"Hawa wasomi wanajua kujifanya."

Aliniangalia, akarudi kwenye maharagwe yake. "Haya. Wewe ndiye unajua baruti."

Nikaziba ufa kwa saruji, nikapaka chokaa, ukuta ukawa kama wa jana. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli, lakini hawakutuonya kwamba kuna kuziba kwa kutengeneza na kuna kuziba kwa kuficha, na saruji ni ile ile.

Mutiso aliporudi alikuta kuta safi nyumba hadi nyumba. Hakukasirika. Alisimama hapo uani na mkoba wake akaniuliza, "Mzee, ni nani aliwaambia mtoe?" Nikamjibu kwamba hatukuambiwa na mtu, sisi si watoto. Katika maisha yangu sijaulizwa swali zuri kuliko hilo, na nililijibu kwa kiburi. Akasema asante, akaenda nyumba inayofuata, akajibiwa vivyo hivyo.

Ripoti ilizinduliwa katika hoteli moja Ruiru, kwa sambusa na soda. Karatasi zilikuwa nzito, zinang'aa, na ukurasa wa ndani kulikuwa na picha ya mama yangu ameshika mche wa mparachichi, anacheka. Vumbi letu walikuwa wamelichanganya na la machimbo yao mengine yaliyo porini ambako hakuna wa kukohoa, wakagawanya, tukatokea wasafi. Na mahali pa mitikisiko walisoma kwamba hakuna nyumba ya jirani iliyothibitishwa kupata madhara.

Lisome tena hilo neno, maitu, kwa maana utakutana nalo. Si uongo. Hawakusema nyumba ziko salama. Walisema hakuna iliyothibitishwa. Hawakusema kwamba vioo viliwekwa, wala kwamba viliondolewa, wala na nani. Mlio mmoja ulikuwa umepungua pale ukumbini, na mimi, mtu wa kuhesabu milio, nilipiga makofi pamoja na wenzangu kwa sababu bei ya ploti ilikuwa imepona. Nilimtafuta Mutiso kwa macho nikamkosa. Tuliambiwa amepata kazi kwingine. Huenda ni kweli.

Mvua za mwaka uliofuata, ukuta wa mama ulifunguka kutoka dirishani hadi chini, mkono ukaweza kupita. Fundi akasema asilale humo tena. Nikaenda ofisini kwa kampuni nimevaa koti la kanisani, na afisa akanikaribisha vizuri sana, akafungua ripoti, akaweka kidole kwenye mstari ule. "Mzee Gitau, si hata wewe ulikuwa kwa launch?" Ningemwonyesha nini? Chokaa?

Unajua ni nani aliyekuwa analipua miaka hiyo. Baruti iliyomtoa mama yangu kwake niliipakia mimi, na kioo ambacho kingesema hivyo nilikitoa mimi. Inaniuma, Nyambura. Sikuandikii ili unihurumie, nakuandikia kwa sababu inauma, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakwambia kwamba shosho alihamia Mwiki kwa sababu alitaka kuwa karibu na hospitali.

Alihamia Mwiki kwa shangazi yako, ghorofa ya juu, mahali ambapo alipanda sukuma wiki kwenye ndoo na kuzilaumu ngazi kwa majina. Kila nilipoenda kumwona aliniuliza, "Yule wa dirisha la panya alirudi?" Nilikuwa namjibu kwamba bado. Alifia huko, na ile nyumba tukaibomoa, tukajenga hii tunayoishi, hatua chache tu kutoka pale pale, kana kwamba mwamba hauna kumbukumbu.

Kamande nilikutana naye baadaye Thika, hospitalini, kwenye foleni ya kupimwa pressure. Amezeeka vibaya kuliko mimi, na hilo nalisema kwa furaha kidogo, Mungu anisamehe. Nilikaa karibu naye nikamwuliza moja kwa moja, "Siku ile ya namba, ulitumwa?"

Alicheka hadi akakohoa. "Gitau, hata kama nilitumwa, mimi sikushika patasi."

"Ulitumwa au hukutumwa?"

"Si ungeniuliza hivyo siku ile? Lakini hukutaka kuuliza. Ulitaka kusikia."

Akaitwa na daktari, akaenda. Mpaka leo sijui. Nashuku alitumwa, nashuku kuna mtu ofisini aliyejua kwamba vile vioo vikikaa mwaka mmoja kampuni italipa, na akajua pia kwamba hakuna haja ya kuja kuvivunja, kwa kuwa watu wa Theta watavivunja wenyewe wakitajiwa ploti. Sina ushahidi. Ila lile la patasi ni kweli.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho baruti haikunifundisha. Nilidhani shaka yangu inanilinda. Kumbe shaka ni kama mbwa wa bomani. Mfuge, ni mzuri, lakini uangalie anakula mkononi mwa nani. Mbwa wangu alikuwa analishwa na Kamande, nami nikajisifu jinsi anavyobweka.

Kwa hiyo, ukifika huko, usiwaamini. Lakini pia usiwe kama mimi.

Utaingia kwenye nyumba za watu na mkoba wako, na watakutazama kama tulivyomtazama Mutiso. Usishike ukuta wa mtu kabla hujaketi. Wakikupa uji, umalize. Na tafadhali usiandike chochote kwa rangi nyekundu. Halafu uulize lile swali lake mapema, kabla ya patasi: ni nani amepita hapa kabla yangu, na alisema nini? Huko pia kuna Kamande. Huenda ndiye atakayekuonyesha njia, akubebee mkoba.

Wenyeji nao usiwaamini kwa sababu tu ni maskini na wana adabu. Watu hao wana ploti zao, au mbuzi wao, au mtoto anayesubiri kuajiriwa pale pale mgodini, na watakuficha ufa huku unawaumiza. Usiwachukie. Andika kwamba ulibisha hodi na mlango haukufunguliwa. Laiti Mutiso angeachwa aandike mstari mmoja tu, kwamba vioo viliwekwa na wenye nyumba wakavitoa, na sababu haijulikani! Ningeaibika, ningemtukana, lakini siku ya koti la kanisani ningekuwa na mahali pa kuweka kidole changu mimi.

Na mkubwa wako atakuja na maelezo mazuri. Atakwambia kipimo cha mwezi huu kimefanana na cha mwezi uliopita, rudia tu. Atakwambia hilo bwawa lilikaguliwa na wataalamu, wewe weka sentensi moja. Pengine atakuwa anasema kweli. Mbili hulia pamoja wakati mwingine. Lakini ukijikuta unatamani kumwamini kwa sababu ni Ijumaa na umechoka, usiingie.

Na ujishuku wewe mwenyewe pia, kidogo, hasa mshahara ukizoeleka. Mimi nilikuwa naishuku kampuni, namshuku kijana, nawashuku wasomi wote. Mtu mmoja tu sikumshuku, na ndiye aliyekuwa na patasi.

Sasa kioo.

Ukiwa umesoma barua hii kama mlipuaji, umeshaona kwamba nimezungumza habari za kila kitu isipokuwa hicho. Jana jioni uliporudi kutoka mtaa wa Kahawa Sukari na mizigo yako ya chuo uliniuliza, "Baba, kioo kiko aje?" Nikakujibu, "Kiko mahali pake." Ukasema poa, ukaenda kuoga.

Sikudanganya. Kiko mahali pake. Kimepasuka katikati, kutoka pembe hadi pembe, tangu Alhamisi mchana walipolipua. Nilikuwa nimekaa chini yake na kikombe cha chai, na siku hizi milio naihisi kwa nyayo zaidi kuliko masikio. Nilisikia mlio mdogo sana juu ya kichwa changu, nikainuka, nikakiona. Na jambo la kwanza nililofanya halikuwa kukupigia simu. Nilikwenda kutafuta msumari.

Kalenda ya kanisa imefunika vizuri. Mama yako hajui. Nilijiambia ni kwa ajili yako, kwamba umesoma sana, kwamba nafasi kama hii haingoji mtu, kwamba nitakwambia ukishatulia kazini. Maelezo mazuri kabisa. Yangenirudisha nyumbani mapema. Leo nilikaa kukuandikia barua ya kukufundisha usikubali mtu akunyamazie, na nikajikuta nimekaa na mgongo wangu kwenye ile kalenda.

Nimekwisha kuitoa, nikaandika tarehe kwa penseli kando ya kioo, nikakipiga picha kwa simu, nikairudisha kalenda ili mama yako asishtuke akiingia na mizigo, maana nataka wewe ndiwe uone kwanza. Jumatatu nakwenda ofisini kwao pamoja na majirani, bila koti la kanisani. Wengine nyumbani kwao nimeona nyufa wakidhani sioni. Nitawaomba wabandike vioo, na nitawaambia kwamba mara ya kwanza, baada ya Kamande, ni mimi niliyewashawishi kuvitoa. Hiyo ni kazi yangu, maitu, si yako. Nimechelewa kuianza, usininyang'anye.

Ulisema kikipasuka huendi. Nakuomba uende. Si kwa ajili ya mshahara, ingawa sitaudharau ukinitumia wa nyasi. Ni kwa sababu huko Taita kuna mzee fulani ambaye ukuta wake umeanza, na ana mama aliyeketi mlangoni, na mtu wa kumbandikia kioo hajafika. Anakuja wiki ijayo. Lakini uamuzi ni wako, na ungekuwa wa kuibiwa kama ningekuacha uondoke bila kujua.

Nasikia mbwa wanabweka barabarani, nadhani mmefika. Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako kipya, uikute leo jioni ukifunga mizigo. Ukimaliza kuisoma usije kuniuliza kama ni kweli. Nenda sebuleni, inua kalenda, uangalie mwenyewe. Usiniamini mimi.

Baba yako,
Gitau